Sura ya Saba: Plagini ni Amana

Bei ya mahindi bila kipimo haimsaidii mtu. Mkulima wa Mbozi akiambiwa gunia ni Sh 85,000, swali lake la kwanza ni gunia gani: la kilo 100, au lumbesa, lile linalojazwa kupita mdomo wake na kufungwa kamba juu, ambalo Wakala wa Vipimo imelipiga vita kwa miaka? Nchini Kenya, mjini Kitale, gunia linalotajwa sokoni ni la kilo 90, na mama anayenunua unga wa nyumbani hupimiwa kwa gorogoro. Sasa tuseme chama cha ushirika kinataka kutangaza bei hizi kwenye tovuti yake kila asubuhi. Tovuti imejengwa kwa WordPress, kama zilivyojengwa zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Ukishaisakinisha, WordPress inampa mwandishi aina mbili za maudhui ya kuandika: chapisho na ukurasa. Bei ya soko si chapisho, wala si ukurasa. Karani wa chama atafanya nini? Atafungua ukurasa mmoja, atachora jedwali kwa mkono, na kila asubuhi atafuta namba za jana aandike za leo. Msimu ukiisha, mwanachama anayetaka kujua mahindi yaliuzwaje mwezi wa Februari hana pa kutazama.

Sura hii inahusu kuandika plagini, au programu-jalizi kama vitabu vinavyoiita, itakayompa karani huyo mahali maalumu pa kuingizia bei na kumpa msomaji jedwali analoweza kuliamini. Inahusu pia kuitoa hadharani, ili vyama vingine vya ushirika, na hata shule, misikiti, makanisa na magazeti yenye maudhui ya namna yake, viitumie au vijifunze kutoka kwake. Tangu sasa niseme msimamo wangu. Maudhui ni mali ya mwenye tovuti. Anayeandika plagini ya kuyaonyesha amewekeshwa amana, na kila uamuzi wa kiufundi, hata ule unaoonekana mdogo, upimwe kwa swali moja: siku plagini hii isipokuwepo, mwenye mali ataikuta mali yake?

Kulabu

WordPress ilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003. Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 wa Houston, Texas, na Mike Little wa Stockport, Uingereza, walichukua msimbo wa programu iitwayo b2, iliyoandikwa na Mfaransa Michel Valdrighi na ambayo ilikuwa imekaa bila kuendelezwa. Leseni yake, GPL, ilimruhusu yeyote kuichukua, kuibadili na kuisambaza. Mwaka mmoja baadaye, 22 Mei 2004, likatoka toleo 1.2, lililopewa jina la mpiga besi Charles Mingus, na hilo ndilo lililoleta mfumo wa plagini. Kabla ya hapo, aliyetaka tovuti yake iwe na tabia tofauti alifungua mafaili ya WordPress yenyewe na kuyabadili. Toleo jipya lilipofika na kuyafunika, kazi yake ilikwenda nayo.

Plagini ya kwanza, Hello Dolly, ilikuwa na kazi moja tu: kuchagua mstari wa wimbo uliovuma kwa sauti ya Louis Armstrong na kuuonyesha juu ya dashibodi. Imesambazwa pamoja na WordPress kwa miaka mingi, na wenye tovuti wengi huifuta bila kuifungua. Anayetaka kujifunza asiifute kabla ya kuisoma. Ina maudhui, ina kanuni ya kuyachagua, ina mahali pa kuyaonyesha, na ina kulabu. Plagini yetu ya bei haitahitaji viungo vingine zaidi ya hivyo vinne.

Kulabu ndiyo siri ya mfumo mzima. WordPress inapojenga ukurasa hupita hatua nyingi, na katika kila hatua husimama kuuliza kama kuna plagini yenye neno. Kulabu ni za aina mbili. Kitendo ni taarifa kwamba hatua fulani imefika, na mwenye kazi ya kufanya aifanye. Kichujio hukukabidhi kitu, mathalani matini ya chapisho lote, ukibadili upendavyo kisha ukirudishe. Ukisahau kukirudisha, msomaji atafungua chapisho na kukuta halina neno hata moja. Wanafunzi wengi hukutana na jambo hili wiki ya kwanza, na wakishalielewa, mambo mengi yanayofuata huwa mepesi kwao.

Mahali pa kuyaweka

Uwezo wa kuandikisha aina mpya ya maudhui ulikamilika katika toleo 3.0, Juni 2010. Unaita kitendakazi cha register_post_type wakati kulabu ya init inapofika, unaipa aina yako jina la ndani lisilozidi herufi 20, na papo hapo menyu mpya inatokea kwenye dashibodi ya karani: Bei za Soko, Ongeza Bei. Hifadhidata haiongezewi jedwali lolote. Kila bei inakaa katika wp_posts, jedwali lile lile linalobeba habari na kurasa, ikitambulishwa kwa jina la aina yake tu. Kiasi, kipimo na tarehe vinakaa katika wp_postmeta. Wapo mafundi wanaouona mpango huu ni wa kizembe, wakajenga majedwali yao. Kwa data nyingi sana wana hoja. Kwa chama cha ushirika siwaungi mkono. Maudhui yaliyo katika majedwali ya kawaida huchukuliwa na vifaa vyote vya kunakili na kuhamisha tovuti vilivyokwisha kuandikwa, na fundi mwingine atakayeitwa baada ya miaka mitano atajua pa kuyatafuta.

Lipo kosa ninalolikuta mara nyingi katika tovuti za kwetu, nalo ni la kuandikisha aina ya maudhui ndani ya mandhari (theme). Fundi ana haraka, anafungua faili la functions.php, anaweka msimbo wake humo, kazi inakwenda vizuri. Kisha uongozi mpya wa chama unataka tovuti yenye sura mpya. Mandhari yanabadilishwa, na siku hiyo hiyo bei zote zinatoweka kwenye dashibodi. Hazijafutwa. Zimo kwenye hifadhidata, ila hakuna tena msimbo unaoiambia WordPress kwamba kuna kitu kinachoitwa bei. Karani hawezi kulijua hilo. Anachokiona ni kwamba kazi ya misimu mitatu imepotea. Mandhari yashughulike na sura. Maudhui yanayotakiwa kudumu yaandikishwe na plagini, na plagini hiyo iwe nyepesi kiasi kwamba hakuna atakayekuwa na sababu ya kuizima.

Sasa tuingie kwenye kipimo, kwa kuwa hapa ndipo plagini ya bei inapofaa au kutofaa. Ukimpa karani kisanduku kimoja cha kuandika bei, siku ya kwanza utapata "85,000/=", ya pili "elfu themanini na tano", ya tatu "Sh 85,000 gunia", ya nne "850 kwa kilo". Sokoni kila mtu angeelewa. Hifadhidata itayachukulia yote kuwa maneno, na ukiiomba ipange bei kutoka kubwa hadi ndogo itaiweka 9,000 juu ya 85,000, kwa sababu tarakimu ya 9 inaizidi 8. Hata ukiingiza namba tupu tatizo halijaisha, maana wp_postmeta huhifadhi kila kitu kama matini. Inabidi ombi lako litaje wazi, kwa kutumia meta_value_num, kwamba hizi zipangwe kama namba. Kwa hiyo kiasi kiwe kisanduku kinachokubali tarakimu tu. Sarafu iwe peke yake. Kipimo kiwe orodha ya kuchagua: kilo, debe, gorogoro, gunia la kilo 90, gunia la kilo 100. Lumbesa isiwemo. Plagini ikishajua uzito wa gunia itapiga hesabu ya bei kwa kilo yenyewe, na mkulima ataweza kulinganisha masoko mawili yanayopima kwa magunia tofauti. Hesabu hiyo ya kilo, kwa maoni yangu, ina faida kuliko rangi na michoro yote ambayo fundi angeweza kuongeza.

Zao na soko, kwa upande wao, visiwe visanduku vya kujazwa. Viandikishwe kama makundi, jinsi habari zinavyowekwa katika kategoria, ili ipatikane anwani moja yenye bei zote za maharage na nyingine yenye bei zote za Soweto, Mbeya. Anwani hizi zina tabia inayowasumbua wanaoanza: WordPress hukumbuka kanuni za anwani zake na haizisomi upya kila mara, hivyo plagini mpya ikiwashwa kurasa zake huweza kujibu kwamba hazipo. Dawa ni kuita flush_rewrite_rules mara moja, plagini inapowashwa, baada ya kuandikisha aina yako. Wanaoiita kila ukurasa unapofunguka wanaibebesha seva mzigo wa bure.

Jedwali mbele ya msomaji

Tangu toleo 2.5 la Machi 2008, njia ya kumruhusu karani aweke kitu popote ndani ya matini ilikuwa msimbo mfupi: anaandika [bei_za_soko zao="mahindi"], na msomaji anaona jedwali. Toleo 5.0 la Desemba 2018 likaleta kihariri cha bloku, ambamo karani huchagua kutoka kwenye orodha na kuona matokeo hapo hapo. Ningekushauri uandike vyote viwili, vikitumia kitendakazi kimoja cha kujenga jedwali. Tovuti nyingi bado zina kurasa za zamani, na makarani wengi wameshazoea mabano yao.

Msimbo mfupi una masharti yake. Kitendakazi chake kirudishe jedwali, kisilichapishe chenyewe. Kikilichapisha, jedwali litarukia juu ya ukurasa, mbele ya aya zilizopaswa kulitangulia. Na plagini ikizimwa, mabano hubaki wazi mbele ya wasomaji. Bloku inayojengwa na seva haina aibu hiyo. Alama zake zimo ndani ya maoni ya HTML, ambayo kivinjari hakiyaonyeshi, hivyo plagini ikiondoka panabaki nafasi tupu tu.

Msomaji wetu yuko kwenye simu, na bando lake linahesabika. Jedwali la bei linaweza kuwa HTML tupu, lenye vichwa vya safu vilivyotajwa kama vichwa ili kisoma skrini kimweleze asiyeona anasikia namba ya nini, bila hata mstari mmoja wa JavaScript. Faili la mitindo lipakiwe pale tu jedwali linapoonekana. Na kwa kuwa bei hubadilika mara moja kwa siku, matokeo ya ombi yahifadhiwe kwa muda kwa kutumia transients, ili seva ya bei nafuu ambayo chama kimekodi isihojiwe upya na kila mgeni. Karani anapohifadhi bei mpya, hifadhi hiyo ifutwe papo hapo. Jedwali la haraka linaloonyesha bei ya jana lina madhara zaidi kwa mkulima kuliko la polepole.

Lipo pia suala la saa. WordPress itaandika kwamba bei imewekwa 08:15. Kwa msomaji wa Mbozi hiyo ni saa mbili na robo asubuhi. Kugeuza ni hesabu ya saa sita na kuongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku, na plagini iliyoandikwa kwa ajili ya Waswahili ina wajibu wa kuifanya. Ifanye ndani ya jedwali lake tu. Kuibadili saa ya tovuti nzima ni kuingilia mambo ambayo mwenye tovuti hakukuomba.

Usalama

Plagini haifungiwi chumba chake ndani ya WordPress. Ikishawashwa, msimbo wake unaendeshwa kwa mamlaka yale yale ya WordPress yenyewe: unaweza kusoma hifadhidata nzima, kuandika mafaili, kumwongeza msimamizi mpya. Chama kilichosakinisha jedwali lako la bei kimekukabidhi pia orodha ya wanachama wake, kijue kisijue.

Basi kila kinachoingia kisafishwe, na kila kinachotoka kipitishwe kwenye vitendakazi vya kukikinga. Mtu akijaza jina la soko kwa kuandika kipande cha msimbo, na wewe ukalichapisha kama lilivyo, msimbo huo utaendeshwa ndani ya kivinjari cha kila msomaji. esc_html inalinda matini ya kawaida, esc_attr inalinda sifa za HTML, esc_url inalinda viungo. Vitumie mahali pa kuchapisha, dakika ya mwisho, hata kama una hakika data ilisafishwa ilipoingia. Ombi lolote kwa hifadhidata lenye neno lililotoka kwa mtumiaji lipite $wpdb->prepare. Kabla ya kuhifadhi, uliza kama anayeomba ana ruhusa, kwa current_user_can, na uhakikishe ombi limetoka kwenye fomu yako kwa kukagua nonce, alama ambayo WordPress huitoa na ambayo haidumu zaidi ya siku moja. Ukaguzi huu hauchukui mistari mingi ya msimbo. Plagini nyingi zilizovunjwa zilikosa mmoja wapo.

Desemba 2014, Google iliorodhesha zaidi ya tovuti 11,000 kuwa ni hatari baada ya kuambukizwa msimbo uliopewa jina SoakSoak. Uliingilia kwenye tundu la Slider Revolution, plagini ya kuonyesha picha zinazopishana. Tundu lilikuwa limeshazibwa katika toleo jipya miezi kadhaa kabla. Lakini plagini hiyo ilikuwa inauzwa ikiwa imefungashwa ndani ya mandhari mengi, na wenye tovuti wengi hawakujua hata kwamba wanayo, basi wangeisasisha vipi? Ndiyo sababu mojawapo ya kupitia ghala rasmi la WordPress.org: toleo jipya likitoka, kila tovuti inayoitumia plagini yako inapewa taarifa kwenye dashibodi yake.

Kuitoa

Ghala hilo lina makumi ya maelfu ya plagini, zote za kupakua bure, na kuingia kwake kuna utaratibu. Unafungua akaunti, unapakia faili la zip, kisha plagini inasomwa na watu kabla ya kukubaliwa. Mwongozo una kanuni 18, na ningependa uzisome zote, lakini chache zinagusa moja kwa moja plagini ya maudhui. Msimbo usifichwe kwa kuchanganywa herufi hadi usisomeke. Kiungo cha kujitangaza kisiwekwe kwenye kurasa za umma bila idhini ya mwenye tovuti. Taarifa za watumiaji zisikusanywe bila kuwauliza. Kanuni hii ya mwisho kwetu ni ya kisheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukiamua plagini ichukue namba za simu za wakulima ili iwatumie bei kwa ujumbe, umeingia katika eneo la sheria hizo. Ushauri wangu kwa toleo la kwanza ni kutochukua namba ya mtu yeyote.

Jina litakalotumika kwenye anwani ya plagini halibadiliki baada ya kukubaliwa, kwa hiyo lifikirie kwa utulivu. Hali kadhalika majina ya ndani ya vitendakazi. Onyesha_bei ni jina ambalo mtu mwingine anaweza kulifikiria vile vile, na plagini mbili zenye kitendakazi cha jina moja zikikutana tovuti nzima inaanguka. Weka kiambishi chako mbele ya kila jina, kirefu cha kutosha, na usikiache hata mara moja.

Leseni lazima ipatane na GPL, na hilo linahusu kila kilichomo, pamoja na picha na maktaba za wengine ulizoziazima. Wapo wanaoiogopa leseni hii kwa kuona inawapa wengine kazi yao. Ni kweli inawapa. Mwaka 2011, WooThemes, kampuni ya Cape Town, Afrika Kusini, ilichukua msimbo wa plagini ya Uingereza iitwayo Jigoshop na kuuendeleza kwa jina la WooCommerce, ikawaajiri pia waandishi wawili waliokuwa wakiifanyia kazi ile ya kwanza. Mwaka 2015 Automattic, kampuni ya Mullenweg, iliinunua WooThemes, na leo maduka mengi ya mtandaoni duniani yanaendeshwa kwa plagini hiyo. GPL iliyomruhusu Mullenweg kuichukua b2 ndiyo hiyo hiyo iliyowaruhusu vijana wa Cape Town, na inamruhusu kijana wa Mwanza pia.

Ukikubaliwa unapewa hazina ya Subversion yenye sehemu tatu: trunk kwa kazi inayoendelea, tags kwa matoleo yaliyokamilika, assets kwa picha za utangulizi. Faili la readme.txt lina mstari wa Stable tag unaolieleza ghala ni toleo lipi la kuwapa watu. Ukiandika 1.2 hapo na folda ya 1.2 haimo ndani ya tags, watumiaji hawatapata ulichokusudia. Tangu Oktoba 2024, waandishi wa plagini wanatakiwa kuilinda akaunti yao kwa uthibitisho wa hatua mbili. Ni haki. Nywila moja iliyoibwa kwa mwandishi mmoja inaweza kufungua maelfu ya tovuti.

Mfumo wa tafsiri wa ghala unachukulia kwamba matini ya asili ni Kiingereza, basi andika maneno ya vitufe kwa Kiingereza ndani ya msimbo, yapitishe kwenye vitendakazi vya tafsiri, kisha uwe wa kwanza kuyaleta katika Kiswahili, ambacho kimo katika orodha ya lugha za WordPress. Sentensi ziache zikiwa nzima. Ukiziunga kwa vipande, neno moja la sifa halitaweza kuhudumia bei mpya na soko jipya. Andika maelezo ya plagini kwa Kiswahili pia, kwa lugha ambayo karani ataielewa bila fundi kusimama nyuma yake.

Baada ya siku ya kwanza

WordPress hutoa matoleo makubwa mara kadhaa kwa mwaka, na plagini isiyojaribiwa kwenye matoleo makubwa matatu ya karibuni hubandikwa onyo kwenye ukurasa wake. Onyo hilo linasomwa na watu. Kila toleo jipya, iwashe plagini yako kwenye tovuti ya majaribio, iingize bei, iondoe, irudishe, kisha usasishe readme hata kama hukubadili msimbo. Jibu maswali ya watumiaji. Anayeuliza kwa nini jedwali lake ni tupu huenda ndiye amegundua tundu ambalo wewe hukuliona.

Kuna kifungu kimoja cha msimbo kinachoonyesha mwandishi anamwonaje mwenye tovuti, nacho ni kile kinachoendeshwa plagini inapofutwa kabisa. Plagini kuzimwa isifute chochote. Plagini kufutwa iondoe mipangilio yake yenyewe, lakini bei zenyewe zibaki, isipokuwa mwenye tovuti ameweka alama kwenye kisanduku kinachosema wazi kwamba anataka zifutwe. Watu hufuta plagini ili kuisakinisha upya pindi kitu kinapogoma. Hawakusudii kuchoma kumbukumbu zao.

Advanced Custom Fields, plagini iliyotolewa mwaka 2011 na Elliot Condon wa Australia kwa ajili ya maudhui ya aina hii, ilifika tovuti zaidi ya milioni 2. Iliuzwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikawa mali ya WP Engine. Oktoba 2024, katikati ya ugomvi mkali kati ya kampuni hiyo na Mullenweg, WordPress.org ilichukua nafasi yake ghalani na kuibadili jina kuwa Secure Custom Fields. Desemba, baada ya amri ya mahakama ya California, ukurasa ukarudishwa. Katika miezi hiyo wenye tovuti walikuwa na wasiwasi, na walikuwa na sababu. Lakini maudhui yao yalikuwa katika wp_postmeta, mahali pa wazi, na plagini zote mbili ziliyasoma. Wakubwa waligombana, na mali ya mwenye tovuti ikabaki ilipo.

Display Widgets haikuwa na mwisho huo. Ilikuwa plagini ndogo na nzuri, ya kuchagua kipande gani kionekane kwenye ukurasa gani, na ilikuwa katika tovuti zipatazo 200,000. Mwaka 2017 waandishi wake waliiuza. Mnunuzi akaingiza ndani ya matoleo mapya msimbo uliomwezesha kuchapisha maudhui yake kwenye tovuti za watu, na akaufanya usionekane na aliyeingia kama msimamizi: wageni waliyaona matangazo hayo, mwenye tovuti hakuyaona. Iliondolewa ghalani, ikarudi, ikaondolewa tena, hadi Septemba mwaka huo ilipofungwa kwa mara ya mwisho. Tovuti 200,000 ziliwaamini waandishi wa plagini hiyo, na imani hiyo ikauzwa pamoja na msimbo.

Utachoka siku moja, au kazi nyingine itakuita, na hakuna ubaya. Ukifika hapo, weka lebo ya adopt-me kwenye readme, ambayo ghala huitumia kwa plagini zinazotafuta mlezi. Asipopatikana mlezi, omba plagini ifungwe, na uwaeleze watumiaji wako kwa Kiswahili chepesi jinsi ya kuhamisha bei zao. Akitokea wa kuichukua, soma kwanza msimbo aliokwisha kuandika kwingine, umuulize anaitaka ya nini. Akikupa fedha nyingi kwa plagini isiyoingiza shilingi, usimpe.